Je, wajua kwa nini mkimbiaji Mkenya David Rudisha alitolewa nusu fainali Berlin, kisha akavunja rekodi ya dunia kwenye uwanja uleule?

Agosti 2009, mashindano ya dunia ya riadha yalipofanyika Berlin, David Rudisha alikuwa na miaka 20. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa vijana huko Beijing, na Wakenya wengi walikuwa wameshamvisha medali ya mita 800 hata kabla bastola haijalia. Hakufika fainali. Alitolewa kwenye nusu fainali, na dhahabu ikaenda kwa Mbulaeni Mulaudzi wa Afrika Kusini.

Wiki mbili hivi baadaye, tarehe 6 Septemba, kijana huyohuyo alikimbia Rieti, Italia, kwa dakika 1 na sekunde 42.01. Ilikuwa rekodi mpya ya Afrika. Ile ya Sammy Koskei ilikuwa haijaguswa tangu 1984. Tarehe 22 Agosti 2010 akarudi Berlin, kwenye Uwanja wa Olimpiki uleule, akakimbia 1:41.09 na kuivunja rekodi ya dunia ya Wilson Kipketer iliyodumu miaka 13. Wiki moja baada ya hapo, Rieti tena, akaishusha hadi 1:41.01.

Ukiwauliza watu siri yake, wengi watakujibu: moyo. Jibu hilo silipendi, kwa sababu linamwacha kijana mwingine, aliyeanguka na bado hajainuka, akiamini kwamba yeye hakujaliwa moyo wa namna hiyo. Tena halielezi lolote. Mwili haupati nguvu mpya ndani ya wiki mbili. Mapafu yaliyokimbia Rieti ndiyo yaliyoshindwa Berlin. Kwa hiyo kilichokosekana Berlin hakikuwa uwezo.

Mita 800 ni mizunguko miwili tu, lakini ni mbio za hesabu kali. Wakimbiaji huanza kila mtu kwenye njia yake, na baada ya kona ya kwanza wote huruhusiwa kuingia njia ya ndani. Hapo ndipo msongamano unapoanza. Anayenaswa katikati hukosa pa kutokea, na anayezunguka kwa nje huongeza umbali: ukipiga kona nzima kwenye njia ya pili badala ya ya kwanza, umekimbia karibu mita 4 zaidi, yaani kama nusu sekunde kwa kasi ya wakimbiaji hawa. Katika nusu fainali, nusu sekunde ndiyo tofauti ya kuingia na kubaki nje. Berlin, Rudisha alikaa nyuma ya wenzake, na alipoanza kuwafukuza, mita zilizobaki zilikuwa chache mno.

Kushindwa kwa namna hiyo kuna dawa yake, mradi kosa lenyewe liitwe kwa jina lake halisi. Hapa ndipo alipokuwa na bahati ya kocha. Brother Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia shule ya St. Patrick's, Iten. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha; aliujifunza papo hapo, kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia mwaka hadi mwaka. Mmoja wao, Peter Rono, alichukua dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Rudisha alipofika mikononi mwake akiwa mwanafunzi, alikuwa mkimbiaji wa mita 400; wazo la kujaribu 800 lilitoka kwa kocha. Mtu aliyekujua kabla hujawa na jina anaweza kukuambia ulipokosea bila wewe kusikia kwamba umekataliwa.

Walichokifanya baada ya Berlin kilionekana na kila mtu. Rudisha aliacha kuvizia nyuma, akaanza kukimbia mbele: mwenzake Sammy Tangui akiweka kasi mzunguko wa kwanza, yeye akimfuata kisigino kwa kisigino, halafu akimalizia peke yake. Aliyeko mbele hazibiwi njia na mtu. Olimpiki ya London 2012 hawakuwapo waweka kasi, naye akaongoza tangu mwanzo hadi mwisho kwa 1:40.91, rekodi ya dunia ambayo hadi leo haijavunjwa.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ya safari hii haina rekodi yoyote. Mwaka 2013 goti lilimzuia kwenda mashindano ya dunia ya Moscow. Mwaka 2014, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Nijel Amos wa Botswana alimpita, naye akabaki na fedha. Kisha mwaka 2015 huko Beijing, fainali ya dunia ilikuwa ya polepole, ya kuviziana, ya aina ileile iliyomwangusha akiwa na miaka 20. Safari hii alishika uongozi, akaipooza kasi kwa makusudi, akawalazimisha wengine wamsubiri, kisha akafyatuka. Alishinda kwa 1:45.84, muda ambao angeuona mzito enzi za Rieti. Somo la Berlin lilikuwa limemwingia kweli, likamlipa miaka sita baadaye, wakati miguu yenyewe haikuwa tena kama zamani.

Wanasaikolojia wa michezo wana namna ya kulieleza hili. Mtu akishindwa, akili hutafuta sababu mara moja, na sababu anayoichagua ndiyo inayoamua kesho yake. Kijana akisema "mimi si mkimbiaji", hana la kufanya, kwa maana hali hiyo haibadiliki. Akisema "nilichelewa kuanza kukimbiza", tayari ana kazi ya Jumanne asubuhi. Mwaka 2016 Dave Collins, Áine MacNamara na Neil McCarthy walichapisha utafiti uliolinganisha wanamichezo waliofika kileleni kabisa, waliofika juu kiasi, na waliokaribia wakaishia njiani. Idadi ya matatizo waliyokutana nayo haikuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni walivyoyapokea: waliofika mbali walirudi wakitaka kujua kilichotokea na cha kubadilisha, ilhali waliokwama walielekea kushtushwa na pigo, kana kwamba halikupaswa kuwapata.

Hapa niwaseme kidogo mabingwa wa utotoni. Mtoto anayeshinda kila mbio tangu darasa la tano hajapata nafasi ya kujifunza kushindwa. Na mara nyingi ushindi wenyewe unatokana na kuwahi kukua. Watoto wakipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, wa Januari humzidi wa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa mifupa na misuli, na katika umri wa miaka 12 au 13 hilo ni pengo kubwa. Nchi nyingi zimeona timu za vijana zikijaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Kisha wadogo wanapowafikia kwa kimo, bingwa wa jana anaanza kuachwa bila kuelewa kwa nini, wakati hajafanya kosa lolote. Asipoelezwa, atadhani kipaji kimemtoka.

Kipindi cha balehe chenyewe huleta vikwazo ambavyo havina uhusiano na bidii. Mifupa ya miguu hurefuka kabla misuli na kano hazijaizoea, na kijana aliyekuwa mwepesi anaanza kujikwaa. Kano inayotoka kwenye kifuniko cha goti huvuta sehemu ya mfupa wa mguu ambayo bado ni laini, ndiyo maana vijana wengi wanaocheza mpira au kuruka hulalamika maumivu chini ya goti. Wasichana hubadilika umbo na uzito, na muda wao unaweza kusimama au hata kurudi nyuma kwa msimu mmoja au zaidi. Wanaopoteza matumaini wakati huo, au wanaoambiwa wapunguze kula, ndio tunaowapoteza. Hili linaniuma, kwa sababu huwa ni kipindi cha kupita.

Ustahimilivu una upande wake wa hatari, na makocha wetu wengi hawausemi kwa sauti. Mazoezi hayajengi mwili wakati wa kufanyika. Huuchosha na kuujeruhi kidogo, kisha mwili hujijenga upya kwenye usingizi na chakula. Misuli hujirekebisha kwa siku, mfupa huchukua miezi. Anayeongeza mazoezi kila wiki bila kupumzika anaubomoa mfupa haraka kuliko unavyojengwa, mpaka unapata ufa. Uchovu wa misuli unaotulia ukishapasha mwili ni wa kawaida. Maumivu yaliyokaa mahali pamoja kwenye mfupa, yanayoongezeka ukikimbia na kukufuata mpaka kitandani, yanahitaji daktari. Msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi kadhaa naye anahitaji daktari, kwa sababu mara nyingi ni dalili kwamba anakula kidogo kuliko anavyotumia, na mifupa yake inadhoofika. Kumwambia mtoto wa namna hiyo "vumilia" ni kumwumiza.

Wakati mwingine kurudi ni kubadili njia. Eliud Kipchoge alikuwa na miaka 18 tu alipowashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5000 mashindano ya dunia ya Paris, 2003. Mwaka 2012 akakosa hata nafasi kwenye kikosi cha Kenya cha Olimpiki. Hakuhama kambi ya Kaptagat wala hakumwacha kocha wake Patrick Sang, alihama umbali. Aprili 2013 alishinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, na dunia ikamjua upya. Kambi kama ile humsaidia aliyeanguka kwa jambo moja la wazi: kesho yake alfajiri kundi linatoka, na nafasi yake ipo, awe ameshinda au ameshindwa.

Mtoto asiye na kambi ana nyumba. Katika utafiti ule wa 2016, wazazi wa waliofika mbali walikuwa nyuma kidogo, wakiunga mkono bila kusukuma. Kwa waliokwama, mkono wa mzazi ulikuwa mzito zaidi. Kwa hiyo mtoto akitolewa kwenye mchujo wa mashindano ya shule, UMISSETA au mengine, hiyo njia ya kurudi nyumbani si ya kuchambua mbio. Mpe maji, mpe chakula, muulize kama ameumia. Siku mbili tatu baadaye, akiwa ametulia, muulize ni wapi kwenye mzunguko aliona wenzake wanamwacha, kisha umwache azungumze mpaka amalize. Akitaja mahali na sababu, hilo ndilo la kumpelekea kocha. Akisema tu kwamba yeye hafai, msimpe zoezi jipya kwanza. Mrudieni taratibu mpaka aweze kuisimulia mbio yenyewe.