Kutoka "Kataa Ndoa" hadi Sanduku la Kura: Harakati za Wanaume Mtandaoni Zinavyoingia Kwenye Siasa

Jumamosi moja nilikuwa nasubiri zamu yangu kwa kinyozi, Sinza Kijiweni. Kijana aliyekuwa kwenye kiti, wa umri wa miaka ishirini na mitano hivi, alikuwa ameweka simu mapajani, na video ikicheza kwa sauti ya kutosha sote kusikia. Mwanaume mwenye sauti nzito alikuwa anaeleza kwamba ukioa leo, siku mkiachana mahakama itamkabidhi mkeo nusu ya nyumba uliyoijenga kwa jasho lako. Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri. Watu wanne tuliokuwa kwenye benchi tulinyamaza, na aliyekuwa kando yangu akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo maana mimi nilikataa ndoa."

Nafundisha mawasiliano ya kisiasa hapa Dar es Salaam, na kwa karibu miaka kumi kazi yangu imekuwa kufuatilia jinsi maneno yanavyotoka kwenye simu za watu hadi yakafika kwenye hotuba za wagombea na meza za mawaziri. Maneno ya yule bwana wa kwenye video nilikuwa nimeshayasikia kwa Kiingereza, na wenzangu wanaofuatilia siasa za Asia wamenionyesha yakisemwa kwa Kikorea na Kihindi. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba harakati za haki za wanaume mtandaoni zina uzito katika siasa kuliko idadi ya wafuasi wake inavyoonyesha, kwa sababu wanasiasa wamejifunza kuchukua hasira ya wanaume hao na kuitumia, huku shida zilizoizaa hasira hiyo wakiziacha pale walipozikuta.

Harakati hizi hazikuanza na chuki. Warren Farrell, Mmarekani anayetajwa sana kama mwasisi wa fikra zake, alikuwa katika miaka ya 1970 mjumbe wa uongozi wa tawi la New York la chama kikubwa cha kutetea haki za wanawake, na alijitenga na wenzake hasa kwa sababu ya suala la nani akae na watoto wazazi wanapoachana. Kitabu chake cha mwaka 1993 kilidai kwamba mamlaka ya mwanaume ni jambo la kudhaniwa tu, kwa kuwa ni wanaume wanaopelekwa vitani, wanaofanya kazi za hatari na wanaojiua kwa wingi zaidi. Mtu anaweza kubishana naye, lakini zilikuwa hoja zenye mambo ya kujibiwa. Mwaka 2009 Paul Elam alianzisha tovuti ya A Voice for Men, na hapo mkazo ukahama. Mazungumzo juu ya sheria za matunzo ya watoto yakageuka kuwa mazungumzo juu ya adui, na adui huyo akapewa jina: watetezi wa haki za wanawake, kisha wanawake wenyewe. Pembeni yakakua makundi mengine, likiwemo la wanaume walioamua kujitenga na ndoa na uhusiano wowote wa kudumu, ambalo ndilo ndugu wa karibu zaidi wa hii "kataa ndoa" yetu.

Mlango wa kuingilia kwenye siasa kubwa ulifunguliwa na watu wa gemu. Agosti 2014, mwanamume mmoja alichapisha mtandaoni andiko refu la kumshutumu aliyekuwa mpenzi wake, mtengenezaji wa gemu aitwaye Zoë Quinn, na kutoka hapo likazuka wimbi la matusi na vitisho dhidi ya wanawake waliofanya kazi katika tasnia hiyo au walioiandikia. Wimbi hilo liliitwa Gamergate. Wanasiasa wengi waliliona kuwa ugomvi wa vijana wasio na kazi. Steve Bannon, aliyekuwa anaongoza tovuti ya habari ya Breitbart, aliliona tofauti, na baadaye alimweleza mwandishi wa habari Joshua Green waziwazi kwamba aliona jeshi la vijana wenye hasira ambalo lingeweza kuingizwa kupitia mambo ya gemu, kisha likageuziwa kwenye siasa na kwa Donald Trump. Breitbart ikawapa vijana hao mwandishi wa kuwasemea, Milo Yiannopoulos. Agosti 2016, miaka miwili tangu ugomvi ule uanze, Bannon alikuwa mtendaji mkuu wa kampeni ya Trump.

Naomba msomaji alitazame jambo hilo kwa utulivu. Hakuna hata mmoja katika vijana wale aliyeombwa kwanza kukubaliana na sera ya kodi au ya uhamiaji. Waliombwa kuendelea kukasirika, na hasira ikawabeba hadi kwenye chama.

Zipo nyakati ambapo harakati zenyewe zilifika mezani. Julai 2017, Waziri wa Elimu wa Marekani, Betsy DeVos, alipokuwa anapitia upya miongozo ya vyuo kuhusu ukatili wa kingono, aliwaalika kwenye mazungumzo waathirika, na pia makundi ya kutetea wanaume wanaotuhumiwa, likiwemo moja la haki za wanaume lililokuwa linajulikana sana mtandaoni. Septemba mwaka huo aliifuta miongozo ya mwaka 2011, na kanuni mpya za 2020 zikampa mtuhumiwa haki ya mshauri wake kumhoji mlalamikaji katika kikao cha moja kwa moja. Wapo wanasheria makini walioziunga mkono kanuni hizo kwa sababu za haki ya kusikilizwa, na mimi sidai kwamba ziliandikwa na watu wa mtandaoni. Ninachosema ni kwamba walikuwa na kiti, wakati miaka michache kabla yake hakuna waziri ambaye angetaka kuonekana nao.

Mfano ninaourudia kila mwaka darasani, hata hivyo, ni wa Korea Kusini, kwa sababu huko mnyororo wote unaonekana kutoka pete ya kwanza hadi ya mwisho. Vijana wa kiume wa Korea wana jambo la kweli linalowaumiza: lazima watumikie jeshi kwa takriban mwaka mmoja na nusu, wakati wenzao wa kike wanaendelea na masomo na kutafuta kazi, na kazi zenyewe ni za kugombaniwa. Kwenye majukwaa ya mtandaoni ya wanaume, uchungu huo uligeuzwa kuwa msako wa maadui. Mei 2021 kampuni moja ya maduka ililazimika kuomba radhi kwa tangazo la soseji, kwa kuwa vidole vilivyochorwa vikiikaribia soseji vilisemekana kuwa ishara ya siri ya kudhihaki maumbile ya wanaume. Mwezi uliofuata, Lee Jun-seok, mwenye umri wa miaka 36 na aliyejijengea jina kwa kuwasemea vijana hao, alichaguliwa kuongoza chama kikuu cha upinzani. Januari 2022, mgombea urais wa chama hicho, Yoon Suk-yeol, aliweka kwenye Facebook ujumbe wa herufi saba tu za Kikorea, wenye maana ya kuifuta Wizara ya Usawa wa Kijinsia na Familia. Hapakuwa na maelezo wala mpango. Machi mwaka huo alishinda kwa tofauti ya asilimia 0.73, chini ya kura 250,000, na makadirio yaliyofanywa vituoni siku ya uchaguzi yalionyesha kwamba karibu asilimia 59 ya wanaume wa umri wa miaka ishirini na kitu walimpigia yeye, wakati wanawake wa rika lao walimpigia mpinzani wake kwa kiasi kinachokaribiana na hicho.

Kisha ikawaje? Wizara haikufutwa, kwa kuwa bunge lilikuwa mikononi mwa wapinzani. Waziri wake alipoondoka mwanzoni mwa 2024, Rais aliacha kiti wazi. Vijana wa kiume waliendelea kwenda jeshini kama kawaida. Desemba 2024 Yoon alitangaza utawala wa kijeshi, na Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa madarakani. Kwa vijana waliompa kura zao kwa sababu ya zile herufi saba, sioni mzigo ambao alikuwa amewatua.

Ulaya njia imekuwa ya lugha zaidi. Nchini Hispania chama cha Vox, kilichopata viti 12 katika bunge la Andalusia mwaka 2018, kilidai kufutwa kwa sheria ya mwaka 2004 dhidi ya ukatili wa kijinsia, na kikashikilia kwamba neno lenyewe libadilishwe liwe "ukatili ndani ya familia". Neno hilo likiingia kwenye makubaliano ya vyama, swali la nani anampiga nani hufutika taratibu bila sheria yoyote kuguswa. Nchini India, Januari 2022, mahakama ilipokuwa inasikiliza hoja ya kuufanya ubakaji ndani ya ndoa kuwa kosa la jinai, wanaume walijaza mitandao kwa tishio la kugomea ndoa. Serikali kuu nayo iliieleza Mahakama ya Juu mwaka 2024 kwamba inapinga hoja hiyo.

Na mwaka 2024 Marekani, wagombea hawakuhitaji tena mtu wa kati. Trump alikwenda mwenyewe kukaa na watangazaji wanaosikilizwa na vijana wa kiume. Kwa Joe Rogan peke yake alizungumza karibu saa tatu. Usiku wa ushindi, Dana White, mkuu wa mashindano ya mapigano ya UFC, alipanda jukwaani na kuwashukuru watangazaji hao kwa majina.

Sasa nirudi nyumbani. Kwetu maneno yamefika kabla ya siasa. Kwa miaka mingi wanaharakati wetu walitumia neno "mfumo dume". Leo vijana wanajibu kwa "mfumo jike", na "ndoa ni utapeli" imekuwa kauli ya kawaida kuanzia kijiwe cha bodaboda hadi bweni la chuo. Jirani zetu Kenya, mwandishi wa mtandaoni aitwaye Amerix amekuwa akiandika kila Jumamosi juu ya uanaume kwa wafuasi wengi sana, na wengi wa wanafunzi wangu wanamfahamu. Viti maalum, ambavyo Katiba yetu inataka viwe si chini ya asilimia 30 ya wabunge wengine, vinatajwa kama ushahidi kwamba wanawake wanabebwa. Mgombea atakayetaka kura hizi hatakuwa na kazi ya kutunga chochote. Atakuta kamusi imeshaandikwa, na atahitaji tu mjadala wa sheria ya kuitumia. Nadhani mjadala huo utakuwa wa Sheria ya Ndoa.

Kwa hiyo inafaa tujue sheria hiyo ya mwaka 1971 inasema nini hasa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambazo wanandoa wamezichuma kwa juhudi zao za pamoja, na kinaitaka izingatie mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoyabeba kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya hayo ndipo mahakama inapotakiwa kuelekea kwenye usawa. Nyumba uliyoijenga kabla ya kuoa haiingii hivihivi, isipokuwa kama wakati wa ndoa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzako au nanyi wawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika, na uamuzi huo umewasaidia wanawake wengi tangu wakati huo. Lakini Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa yake, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa ameshapewa fedha na mumewe na akazitapanya. Shauri ambalo ndilo msingi wa haki ya mke katika mali halikumpa mke huyo hata tofali moja.

Sisemi haya ili kuwanyamazisha vijana. Wanaume wanajiua zaidi ya wanawake karibu kila mahali duniani, na baba ambaye hakufunga ndoa na mama wa mtoto wake hujikuta hajui aanzie wapi. Wakati huo huo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Mambo haya mawili hukaa katika nyumba moja, mara nyingi katika chumba kimoja, na siasa inayomtaka mtu achague moja inamdanganya.

Yule kijana aliponyanyuka na kujifuta nywele shingoni, nilimuuliza kama ameoa.

"Hapana, mzee wangu. Ila nina mtoto wa kike, ana miaka mitatu, yuko Morogoro kwa kina mama yake. Nikienda wananifungia geti."

Nikamwuliza kama amewahi kwenda popote kulalamika. Alishangaa. Alikuwa anaamini kwamba baba hana haki yoyote, kwa sababu ndivyo alivyosikia kwenye video. Nilimweleza kwamba ni kweli sheria humchukulia mtoto wa chini ya miaka saba kuwa ni bora akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi kuiomba mahakama amri ya kumtembelea mwanawe kwa utaratibu maalumu, na kwamba aanzie kwa afisa ustawi wa jamii kule mtoto anakoishi, akiwa na kumbukumbu za fedha za matunzo alizowahi kutuma. Aliifunga ile video, akafungua ujumbe wa simu na kutafuta miamala yake ya kwenda Morogoro, akawa anaihesabu kwa kidole akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaniuliza kama ofisi hiyo ya ustawi hufunguliwa Jumamosi.