Kabla hujanunua spika za studio, pima chumba chako

Kijana mmoja wa Mabatini, hapa Mwanza, alinipigia simu akiwa amezichukia spika zake. Alijibana mwaka mzima akanunua monita, yaani spika za studio, zenye koni ya inchi nane, na bado kila biti aliyotengeneza ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ndani ya gheto lake kiki, ule mdundo mzito wa ngoma kubwa, haisikiki. Akiipandisha mpaka aisikie, wimbo ukipigwa kwenye bajaji besi inammeza mwimbaji. Alitaka kuziuza anunue nyingine.

Nilikwenda na futi kamba tu. Chumba mita tatu kwa mita tatu, kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, na kiti chake kiko katikati kabisa. Nikamwambia aache kiki ile ile ijirudie, kisha ainuke arudi nyuma taratibu kuelekea ukutani. Hatua mbili tu, kiki ikatokea ikamjaa kifuani. Akarudi katikati, ikapotea. Akaenda tena nyuma, akarudi, mara tatu nzima, bila kusema neno.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani mita sita, unapata kama hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Kwenye masafa hayo wimbi linasimama kati ya kuta mbili: ukutani lina nguvu, katikati karibu halipo. Na uzito wa kiki nyingi za bongo fleva unakaa maeneo hayo hayo. Chumba cha mraba kinazidisha balaa, kwa sababu urefu na upana vinagombania masafa yale yale. Spika kubwa haiwezi kuliondoa shimo hilo. Inaongeza besi inayozunguka chumbani, lakini pale ulipokaa bado husikii kitu.

Kiti tukakisogeza mbele, mita moja na sentimita 14 kutoka ukuta anaoutazama. Hiyo ni asilimia 38 ya urefu wa chumba, kipimo ambacho mafundi hukitumia kama mahali pa kuanzia, halafu unasogeza kidogo kidogo kwa masikio.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue monita gani, kwanza namuuliza chumba chake kina ukubwa gani. Kwa vyumba vingi tunavyopanga hapa Mwanza, inchi tano inatosha. Yamaha HS5, JBL 305P na KRK Rokit 5 zote ni za daraja hilo, na yoyote kati ya hizo itakufunza kazi. Kwa besi ya chini kabisa, ile ambayo inchi tano haifiki vizuri, tumia hedifoni kuhakiki. Usikimbilie sabufa.

Na usitegemee monita ikupe raha kama redio ya sebuleni. Spika za nyumbani nyingi zimeongezewa besi na ukali wa juu ili zipendeze dukani. Ya studio inatakiwa ikuoneshe kosa. Yamaha NS-10, zile zenye koni nyeupe, zilitoka mwaka 1978 kama spika za nyumbani, na hazikuwa tamu hata kidogo. Mafundi wakazipenda kwa sababu miksi iliyokaa vizuri kwenye hizo ilikaa vizuri kwingine kote, na zikabaki kwenye studio za dunia nzima hata baada ya kuacha kutengenezwa mwaka 2001.

Ukifika dukani, igeuze spika uitazame mgongoni. Angalia tundu la besi liko wapi. HS5 na 305P wanalo nyuma, kwa hiyo zinahitaji nafasi kutoka ukutani. Rokit analo mbele. Tafuta pia swichi ya kupunguza besi. Kwenye HS5 unaweza kushusha desibeli mbili au nne, na chumbani kwako, meza ikiwa imebanana na ukuta, utaihitaji. Uliza kama bei uliyotajiwa ni ya moja au ya mbili, maana nyingi huuzwa moja moja. Na soma volti. Mimi niliwahi kuletewa pea kutoka Marekani, za volti 120, nikachomeka bila kusoma. Harufu ya ile transfoma ilikaa chumbani siku mbili. Umeme wetu ni volti 230.

Waya tumia zile ambazo plagi yake ina sehemu tatu za mguso (TRS au XLR), kutoka kwenye sauti kadi hadi kwenye spika. Basi.

Fedha iliyobaki peleka ukutani. Trei za mayai hazisaidii, na sponji ya inchi moja inakata makali ya juu tu huku besi ikiendelea kuzunguka. Sisi tuna bahati ya pamba. Kwimba na Magu wanailima, na iliyochambuliwa vizuri hunyonya sauti. Tulimtengenezea yule kijana fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, tukajaza pamba bila kuishindilia, tukafunika kitambaa chepesi. Jaribu kitambaa kwa kukipuliza: pumzi isipopita, sauti nayo haitapita. Moja kila upande wa kiti, moja nyuma ya kila spika kwenye kona. Ziwe mbali na soketi na nyaya za umeme, pamba inashika moto upesi. Mahali pa zile za pembeni tulipapata kwa kioo: mwenzako anakitembeza ukutani, wewe umekaa kitini, na pale unapoiona twita ya spika, ile koni ndogo ya sauti za juu, ndani ya kioo ndipo fremu inapokaa.

Spika zenyewe ziwe na umbali sawa baina yao na kutoka kwenye kichwa chako, twita usawa wa masikio. Sauti iwe ya chini kiasi cha kuweza kuongea na aliye jirani yako. Watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionesha mwaka 1933 kwamba sikio linaisikia besi kwa namna tofauti kadiri sauti inavyopanda, kwa hiyo ukimiksi kwa kelele utaipunguza besi bila kujua.

Wiki mbili za kwanza usimiksi chochote. Sikiliza nyimbo unazozijua kwa moyo, zile ulizozisikia daladalani mpaka Nyegezi, ujue kiki yake inakaaje kwenye spika hizi, kwenye chumba hiki. Mvua ikianza kupiga bati, zima, chukua hedifoni, uhariri sauti za waimbaji mpaka iishe.