Kuanza uhandisi katika chuo cha jamii Marekani: mambo ya kukagua kabla ya kujisajili

Wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani, pamoja na wanaotuma maombi kutoka Afrika Mashariki na Kongo, huambiwa kwamba njia nafuu ya kuwa mhandisi ni kusoma miaka miwili ya kwanza katika chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha shahada za miaka miwili), kisha kuhamia chuo kikuu. Ushauri huo ni mzuri, kwa sababu ada ya vyuo hivi kwa mkazi wa eneo huwa ndogo kuliko ya chuo kikuu. Hata hivyo, si kila shahada ya miaka miwili yenye neno uhandisi humfikisha mwanafunzi kwenye uhandisi.

Shahada ya miaka miwili inayoandikwa A.S. (Associate of Science) kwa kawaida hutayarishwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu. Ile ya A.A.S. (Associate of Applied Science), ambayo mara nyingi hutolewa katika teknolojia ya uhandisi, humwandaa mtu kuajiriwa mara moja kama fundi sanifu. Kazi hiyo ni ya heshima na ina soko, na vipo vyuo vikuu vinavyompokea mhitimu wake katika shahada ya kwanza ya teknolojia ya uhandisi. Lakini akitaka uhandisi wenyewe, atakuta sehemu kubwa ya hisabati na fizikia aliyosoma haihesabiwi. ABET, taasisi inayotoa ithibati, huzikagua fani hizi mbili kupitia kamisheni tofauti, na baadhi ya majimbo humtaka mhitimu wa teknolojia awe na uzoefu wa miaka mingi zaidi kabla ya kupewa leseni ya mhandisi, au hayampi kabisa.

Kinachoamua muda wa safari ni hisabati. Mwanafunzi wa uhandisi hupita kalkulasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha milinganyo tofautishi, na kila somo hulitegemea lililotangulia. Fizikia nayo husubiri kalkulasi, na mekanika husubiri fizikia. Anayeanza na aljebra hawezi kumaliza mlolongo huo kwa miaka miwili, hata awe na bidii kiasi gani, isipokuwa asome pia majira ya kiangazi. Kwa hiyo aliyefaulu hisabati ya kidato cha sita asikubali kurudishwa kwenye aljebra kwa kuwa tu hakuna aliyesoma vyeti vyake: aombe vyeti vitathminiwe, na ajiandae vizuri kwa mtihani wa kupangiwa daraja, ikiwa chuo chake kinautoa.

California inaonyesha jinsi uhandisi ulivyo mgumu kupangwa. Sheria ya mwaka 2010 iliunda shahada ya uhamisho ya krediti 60, inayomhakikishia mhitimu nafasi katika mfumo wa California State University, lakini masomo ya maandalizi ya uhandisi ni mengi mno kutoshea humo kwa urahisi. Mwanafunzi wa huko hutumia tovuti ya ASSIST kuona somo lipi la chuo chake linakubaliwa na chuo kikuu gani, na kwa fani ipi, kwa sababu mahitaji ya uhandisi wa umeme si yale ya ujenzi.

Katika majimbo mengine, omba makubaliano ya uhamisho kwa maandishi, yakitaja fani, mwaka wa masomo na alama ya chini inayokubalika. Anayelipiwa na Pell, ruzuku ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi wenye uhitaji wa kifedha, akumbuke kwamba ruzuku hiyo ina kikomo cha mihula 12 maishani, na muhula uliotumika kwa masomo yasiyohamishika nao huhesabiwa.