Kompyuta ya kwanta ni nini, na prosesa tulizonazo zinaelekea wapi?

Kompyuta ya kwanta ni mashine ya kukokotoa inayotumia tabia za vitu vidogo kabisa, kama elektroni na chembe za mwanga, kuhifadhi na kuchakata taarifa. Maana hiyo ni sahihi, lakini ukiishia hapo utabaki na dhana potofu iliyoenea sana, kwamba ni kompyuta ileile tunayoijua ila imeongezwa mwendo mara milioni. Hata watu makini huamini hivyo. Tuanze basi na prosesa ya kawaida, maana swali lote lilianzia huko.

Prosesa, ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, ni mkusanyiko wa swichi. Kila swichi ni transista, kidude cha silikoni kinachofunguliwa na kufungwa na umeme wenyewe badala ya kidole. Ikipitisha umeme tunahesabu moja, isipopitisha tunahesabu sifuri, na hiyo moja au sifuri ndiyo biti. Picha ya harusi iliyo kwenye simu yako, salio la benki, sauti ya mama uliyoirekodi, vyote vimeandikwa kwa biti. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu (kipande cha silikoni chenye transista nyingi) ya 4004, iliyobuniwa kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Kijapani, ikiwa na transista zipatazo 2,300. Chipu ya M1 ya Apple, iliyotoka 2020, ina transista bilioni 16.

Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa Intel, aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1965 aliandika kwamba idadi ya transista kwenye chipu inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Watu wakaiita sheria, ingawa yalikuwa makadirio ambayo kiwanda baada ya kiwanda kiliamua kuyafukuzia. Kwa miongo kadhaa kuipunguza transista kulileta neema juu ya neema, kwa kuwa iliyo ndogo zaidi ilifanya kazi haraka zaidi na kula umeme kidogo zaidi. Katikati ya miaka ya 2000 neema hiyo ilikatika, joto likawa kikwazo. Mwaka 2004 Intel iliachana na mpango wa kuuza prosesa yake ya Pentium 4 ya gigahezi 4, yaani mapigo bilioni nne kwa sekunde, na tangu hapo mwendo wa prosesa umepanda kidogo mno. Kilichoongezwa ni viini, yaani prosesa kadhaa ndani ya chipu moja: vinne, vinane, kumi na sita. Ni sawa na mpishi ambaye moto wake umefika ukomo, akaamua kuongeza majiko. Atapika vyungu vingi kwa pamoja, lakini wali wa sufuria moja hautaiva mapema kwa kuwa yapo majiko manne.

Halafu kuna ukomo wa atomu. Ndani ya silikoni mpangilio wa atomu hujirudia kila baada ya nusu nanomita hivi, na baadhi ya sehemu za transista za leo zina unene wa nanomita chache tu. (Maneno kama "chipu ya nanomita 3" ni majina ya biashara, hayapimi kitu halisi ndani ya chipu.) Ukuta ukiwa mwembamba kiasi hicho, elektroni huanza kuonekana upande wa pili bila kuutoboa wala kuuruka. Swichi uliyoifunga inavuja. Wahandisi hawajakata tamaa. Wanachora chipu kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, unaopatikana kwa kupiga leza matone ya bati yaliyoyeyuka, 50,000 kila sekunde. Wanapanga chipu ghorofa juu ya ghorofa, na wanatengeneza chipu maalumu za akili unde. Prosesa ya silikoni itaendelea kuishi kwa miaka mingi.

Huko kuvuja, kero kubwa kwa mtengenezaji wa chipu, ni tabia ya kwanta. Mwaka 1981 mwanafizikia Richard Feynman alitoa hoja ambayo hadi leo naiona kuwa msingi wa jambo zima: maumbile yenyewe yanafuata kanuni za kwanta, kwa hiyo ukitaka kuyaiga vizuri, tumia mashine inayofuata kanuni hizohizo.

Mashine hiyo haina biti, ina kubiti. Biti ni sifuri au moja. Kubiti, kabla hujaipima, hubeba uzito wa sifuri na uzito wa moja kwa wakati mmoja, na uzito huo unaweza hata kuwa hasi. Kubiti mbili zikifungamanishwa, huwezi tena kuieleza moja bila mwenzake, na sasa kuna uzito wa hali nne. Tatu zina nane. Kubiti 300 zinahitaji orodha ya namba ndefu kuliko idadi ya atomu za ulimwengu wote tunaoweza kuuona. Hakuna kompyuta ya kawaida itakayoiandika orodha hiyo.

Hapo ndipo wengi husema: "Kumbe inajaribu majibu yote kwa mpigo!" Subiri. Ukiipima, orodha yote hutoweka na unapata jibu moja tu, kwa bahati nasibu. Kama kazi ingeishia hapo, mashine hii isingekuwa na faida yoyote.

Jaza maji kwenye beseni, uyaache yatulie. Chovya vidole viwili, mbalimbali kidogo, uvipandishe na kuvishusha kwa mapigo sawa. Viwimbi vitatoka kila upande na kukutana. Mahali fulani kilele kitakutana na kilele, maji yatainuka zaidi. Pengine kilele kitakutana na bonde, na maji yatatulia kana kwamba hayajaguswa. Kazi ya programu ya kwanta ni hiyo hasa: kuupanga ule uzito, chanya na hasi, ili njia za majibu mabaya zifutane na njia za jibu zuri ziimarishane. Ukija kupima, jibu zuri ndilo lenye nafasi kubwa ya kutokea. Kwa matatizo mengi hakuna anayejua namna ya kuyapanga mawimbi hayo, na ndiyo maana kompyuta ya kwanta haitakufungulia video haraka zaidi.

Yapo machache tunayoyajua. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha namna ya kompyuta ya kwanta kuvunja namba kubwa katika vigawo vyake tasa. Linasikika kama zoezi la darasani, lakini ugumu wa zoezi hilo ndio kufuli la sehemu kubwa ya usimbaji fiche wa intaneti, yaani kuficha ujumbe ili asiyehusika asiusome. Miaka miwili baadaye mwanasayansi wa kompyuta Lov Grover alionyesha namna ya kutafuta kitu kimoja kati ya milioni kwa hatua zisizofika elfu moja.

Ahadi inayonigusa zaidi iko shambani. Ng'oa mche wa kunde uliostawi, ukung'ute udongo. Mizizini utaona vinundu vidogo kama punje. Ukikipasua kimoja kwa ukucha, ndani kina rangi ya waridi. Humo bakteria wanachukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula cha mmea, kwa joto la udongo wa kawaida. Kiwanda cha mbolea kinafanya kazi hiyohiyo kwa nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na mgandamizo mkubwa ajabu. Kimeng'enya cha bakteria wale kina kishada cha atomu za chuma, salfa na molibdeni, na elektroni zake zimefungamana kiasi kwamba kompyuta za kawaida zinahangaika kuzikokotoa kwa usahihi. Hilo ni tatizo la kwanta kwa asili yake, kama alivyosema Feynman. Kulielewa hakutashusha bei ya mbolea kesho, lakini ni kazi inayostahili mashine hii kuliko mbwembwe nyingi zinazotangazwa.

Kwa nini basi haijafanyika? Kubiti ni dhaifu mno. Joto kidogo, mtikisiko, wimbi la redio lililopotea njia, na ule uzito wote unavurugika. Kubiti za saketi maalumu za umeme, kama zinazotumiwa na Google na IBM, hupoozwa hadi karibu sehemu moja ya mia ya nyuzi juu ya sifuri halisi (baridi ya mwisho kabisa inayowezekana), baridi kuliko anga za mbali. Hata hivyo makosa hutokea, karibu mara moja katika hatua mia kadhaa au elfu. Dawa yake ni kutumia kubiti nyingi kulinda taarifa ya moja, na dawa hiyo ni ghali. IBM ilitangaza chipu ya kubiti 1,121 mwaka 2023, ilhali makadirio yaliyotolewa 2025 ya kuvunja kufuli la RSA, aina ya usimbaji inayotegemea ugumu wa zoezi lile la Shor, la biti 2,048 bado yanataja kubiti karibu milioni moja.

Mwaka 2019 Google ilidai mashine yake ya kubiti 53 imefanya kwa sekunde 200 kazi ambayo ingeichukua kompyuta kubwa ya kawaida miaka 10,000. IBM ilipinga, ikasema siku mbili na nusu zinatosha. Mimi sikushtushwa na mbio zile. Kilichonifanya nisome mara mbili ni matokeo ya Desemba 2024 ya chipu ya Google iitwayo Willow: kila walipopanua kundi la kubiti za ulinzi, kutoka tatu kwa tatu hadi tano kwa tano, kisha saba kwa saba, makosa yalipungua takribani nusu. Kwa miaka mingi kabla yake, kuongeza kubiti kwa kawaida kulikuwa kunaongeza vurugu.

Kufuli nazo zinabadilishwa mapema. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji unaokusudiwa kustahimili kompyuta za kwanta, kwa sababu mwizi anaweza kunakili data leo na kuisubirisha hadi ufunguo upatikane.

Usitarajie kuinunua dukani wala kuibeba mfukoni. Mei 2016 IBM iliunganisha mashine ya kubiti tano na intaneti, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg ni miongoni mwa vyuo vilivyopata mlango wa kuzitumia mashine za namna hiyo kwa mbali. Mtafiti anaandika programu kwenye laptopu yake, inasafiri hadi kwenye mashine iliyo ndani ya jokofu lake, inaendeshwa mara elfu kadhaa, kisha majibu yanamrudia yakiwa sifuri na moja, na prosesa yake ya silikoni inayahesabu.