Acheni slasha nyumbani: tunavyotengeneza njia ya kuangalia ndege huku Bombo

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Jumamosi ya kwanza kabisa tulipoanza hii kazi walikuja vijana kama 40, kila mtu na slasha yake, na mimi kwa ile furaha ya kuona watu wengi nikawaambia haya, fyekeni. Kufika saa sita mchana njia ilikuwa inang'aa, upana karibu mita tatu, nyasi chini kabisa, vichaka vya pembeni vyote vimelala, tukapiga picha tukatuma kwa WhatsApp na watu wakatusifu kweli kweli. Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na darubini shingoni. Kimya. Niliona kunguru wawili na kuku wa jirani ambaye naye alikuwa anashangaa kichaka chake kimeenda wapi.

Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni wa ndege (usiniite gaidi tafadhali, najua neno la Kizungu, guide, linatamkwa hivyo, ila huku karibu na kambi ya jeshi ukijitambulisha hivyo utaeleza sana). Nimekuwa nikitembeza watu msituni kwa miaka na bado nilifanya lile kosa, kwa hiyo nikiona mtu analifanya simcheki. Ndege wengi ambao mgeni anakuja kuwatafuta ni wale wadogo wa kujificha, wanaishi kwenye ukingo, pale kichaka kinapokutana na nyasi. Hao hawapendi kuvuka mahali wazi, maana juu kuna mwewe. Ukiwapanulia njia mita tatu umewajengea ukuta. Sasa hivi njia yetu ni upana wa mtu mmoja na kiwiko, kama mita moja hivi, na juu tunaacha matawi yakutane ili ndege avuke bila kushuka. Mgeni akilalamika amelowa umande mapajani namwambia ndiyo, ndiyo maana umeona kitu leo.

Kwa wasioijua Bombo: ni kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, wilaya ya Luwero, mji wa jeshi na mji wetu sisi Wanubi. Nyumbani Kinubi, kambini na sokoni Kiswahili, na ukishuka bondeni ni Kiganda, kwa hiyo timu yetu ya kujitolea inaongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna mtu anayeionea mwenzake, wote tunaivunja sawasawa. Njia inaanzia juu karibu na mashamba, inapita kipande cha msitu kilichobaki, halafu inashuka kwenye kinamasi cha mafunjo.

Kwenye kile kipande cha msitu kuna miti mikubwa ya misizi, na hapa lazima nipotee njia kidogo. Wanasayansi wanauita Maesopsis eminii, na huyo Emini ndiye Emin Pasha, yule daktari Mjerumani aliyetawala Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan, kwa niaba ya Misri na huku anakusanya ndege na mimea anatuma Ulaya. Wanajeshi wake wa Kisudani waliobaki nyuma ndio Lugard, yule kapteni Mwingereza, aliwakuta Kavalli karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 akawaleta huku Uganda, na hao ndio babu zetu. Kwa hiyo Haji mmoja mzee wa timu yetu akipita chini ya msizi anaugonga na fimbo anasema, "Huyu naye alikuja na Pasha." Si kweli bila shaka, mti ulikuwepo hapa kabla ya Pasha yeyote, lakini wageni wanapenda na mimi namwacha.

Msizi una maana kwetu kwa sababu ya hondohondo. Matunda yake wanayapenda sana, wanameza, wanaruka, wanatema mbegu mahali pengine, ndiyo maana unakuta vijimsizi vimeota kwenye shamba la mtu ambaye hakupanda. Na hondohondo wale wakubwa weusi na weupe wanahitaji mti wenye tundu. Jike anaingia ndani, mlango unazibwa kwa matope, unabaki ufa mwembamba tu, na dume analeta chakula anapitisha pale kwa miezi mitatu na zaidi. Sasa mti wenye tundu kubwa mara nyingi ni mti mzee, umeoza katikati, au umekufa kabisa, na mti uliokufa kwa macho ya kila mama wa hapa ni kuni.

Hapo ndipo tuligombana, na kusema ukweli nilikuwa nimekosea namna ya kuongea. Nilimkuta mama mmoja anaangalia mti mkavu na panga mkononi nikaanza hotuba ya mazingira. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Mwanangu, huyo ndege wako anakula mbichi. Mimi napika." Nilikosa jibu. Ikabidi tukae chini ya mwembe na wamama, na makubaliano yakawa hivi: mti mkavu uliosimama unabaki, tumeufunga kitambaa cha kitenge ili kila mtu ajue, ila matawi yote yaliyoanguka na lantana yote tunayong'oa ni yao. Lantana inawaka vizuri ikikauka. Na sisi tunataka itoke, ni kichaka cha kigeni kinachofunika kila kitu, lakini usiitoe yote siku moja, maana kuna ndege wanalala humo na wengine wanakula vile vitunda vyake vyeusi. Tunatoa kipande, tunapanda miti ya asili, tunasubiri, tunatoa kingine.

Haya, sasa maji. Kama umesoma mpaka hapa kwa ajili ya kazi yenyewe basi hii ndiyo sehemu yako, kwa sababu njia nyingi za kujitolea ninazoziona hazifi kwa majani, zinauawa na mvua. Watu wanachora njia inayoshuka moja kwa moja mlimani kwa sababu ni fupi. Msimu mmoja tu wa mvua na ile njia imekuwa mfereji, watu wanaukwepa wanakanyaga pembeni, sasa una njia mbili, mwaka unaofuata tatu.

Njia inatakiwa izunguke mlima kama mkanda, ikipanda polepole. Kipimo chetu ni kwamba kwa kila mita 10 unazotembea usipande zaidi ya mita 1, na mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe, la sivyo maji yanaiona njia ndiyo rahisi yanaifuata. Hatuna vifaa vya injinia. Tunatumia fremu ya A, ile ambayo wakulima wa milimani wanajengea matuta: miti miwili imefungwa juu, mmoja umekingama katikati, kamba na jiwe linaning'inia. Jiwe likigusa alama ya katikati miguu miwili iko sawa. Mtoto wa P5, yaani darasa la tano, anaweza, na kwetu ni wao wanaofanya maana hawachoki.

Halafu uso wa njia wenyewe uinamishe kidogo upande wa bondeni, kama sentimita 5 kwa kila mita, ili maji yavuke njia yaende zake. Na kila baada ya hatua kadhaa unaichovya njia, yaani inashuka kidogo halafu inapanda tena, na pale iliposhuka unafungua mdomo upande wa chini maji yatoke. Watu wanapenda kuchimba mtaro mrefu pembeni mwa njia, sijui kwa nini, nadhani ni kwa sababu unaonekana kama kazi. Mtaro unajaa majani, maji yanarudi njiani. Yule Haji alinifundisha kitu kimoja ambacho sikukipata kwenye mafunzo yoyote, alinipigia simu mvua inanyesha kweli kweli akasema njoo sasa hivi na gamubuti. Tukatembea njia yote tumelowa, yeye na fimbo yake anachora mstari pale maji yanapoingia na pale yanapotaka kutoka, na kesho yake tulichimba kwenye michoro ile ile tu. Mtu akiniuliza siku hizi aanzie wapi namwambia asubiri mvua.

Kinamasi ni hadithi nyingine. Kwanza si cha mtu, Katiba ya 1995 inasema serikali inavishika kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo kabla hujachomeka hata nguzo moja uende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, uende kwa ofisa wa mazingira wa wilaya, upate karatasi. Inachosha, lakini fanya. Pili usimwage udongo. Nimeona kikundi sehemu fulani kimejenga tuta zuri la udongo katikati ya mafunjo, upande mmoja maji yakajaa, upande wa pili mafunjo yakakauka, wakapoteza walichokuja kuwaonyesha wageni. Sisi tumeweka nguzo na mbao juu yake, maji yanapita chini. Nguzo za mikalitusi mibichi ni rahisi lakini zinaoza haraka sana pale kwenye mstari wa maji, zile zilizopikwa kwa dawa ni ghali, na sisi tumechanganya kwa umaskini wetu.

Watu wakiniuliza kama inalipa nawapeleka Bigodi, pale jirani na msitu wa Kibale. Wanakijiji walianzisha chama chao, KAFRED, mwaka 1992, wakaweka njia na madaraja ya mbao kwenye kinamasi cha Magombe, ndege zaidi ya aina 200, na pesa za wageni zimesaidia shule ya sekondari ya pale. Au Mabamba, ambako wavuvi zamani walimchukia yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, wakiamini ukimuona siku hiyo hupati samaki, na leo ndio wanaosukuma mitumbwi kumtafutia mgeni. Lakini siwaahidi vijana wangu kwamba Bombo itakuwa Mabamba. Sisi hatuna huyo korongo. Wengi hapa wanakuja kwa sababu ya chai na kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, na Jumamosi ya mvua tunakuwa saba, na saba wanaorudi kila wiki ni bora kuliko wale 40 wa kupiga picha.

Tatizo nililosahau kabisa kulipanga ni boda. Njia ilipokuwa nzuri tu jamaa wa steji, kile kituo chao cha kungojea abiria, wakagundua inawapunguzia mzunguko mpaka barabara kubwa. Asubuhi uko unamwonyesha mgeni mdiria, mara pipii, mtu na abiria wawili na gunia la mkaa. Tuliweka magogo kwa zigizaga mlangoni, wakayasogeza. Tukayachimbia chini, wakapita pembeni. Mwishoni tulimkaribisha mwenyekiti wao wa steji kwenye kikao, tukakubaliana kwamba wageni wote wanaokuja kwa usafiri wanaletwa na steji yao, na sasa ni wao wanaowafukuza wale wa steji nyingine. Ng'ombe bado hatujapata mwenyekiti wao.

Kufyeka tunafanya mara mbili kwa mwaka, Februari kabla mvua za Machi hazijaanza na Julai kabla ya zile za pili, na ni upande mmoja tu wa njia kwa wakati mmoja. Mvua ikishaanza hatugusi kichaka, mnana na wenzao wanajenga. Miezi hiyo ni jembe peke yake, kufungua midomo ya maji na kutoa majani. Ukikutana na siafu wanavuka njia usimwage mafuta ya taa kama tulivyofundishwa nyumbani, simama mbali kidogo ungoje, wadudu wanaowakimbia wanaleta ndege wenyewe.

Na mkija mwezi huu, daraja la mafunjo nguzo ya tatu kutoka upande wa msitu imeoza. Mbao ya juu inacheza. Tumeahidiwa nguzo mpya, na anayeahidi namjua, kwa hiyo vueni viatu mpite majini upande wa kushoto, ni mpaka magotini tu.