Altrasaundi ya Ateri za Mguu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Altrasaundi ni ya wajawazito." Nairobi hili husikika sana, na huwachelewesha wanaume wazee wanaoona haya kukaa foleni moja na kina mama. Mawimbi yale yale ya sauti huonyesha pia ateri za mguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni. Mpimaji hupaka jeli kinenani, kwani hewa ikibaki kati ya kifaa na ngozi mawimbi hayapiti, kisha hushuka polepole hadi nyuma ya goti na kifundoni. Ateri yenye afya ina ukuta mwembamba, laini. Palipo na utando, yaani mafuta na kalsiamu vilivyojikusanya ukutani, ukuta umevimba kuelekea ndani. Utando wenye mafuta mengi huwa mweusi kwenye skrini, na mara nyingine ni vigumu kuutenga na damu. Uliojaa kalsiamu hung'aa na kuacha kivuli nyuma yake, na ndani ya kivuli hicho mashine haioni kitu.

Halafu huja Dopla, inayopima mwendo wa damu. Njia ikibana, damu hukimbia zaidi. Kasi hapo ikizidi mara mbili ya ile ya sehemu iliyo juu yake kidogo, kwa kawaida nusu ya njia au zaidi imezibwa.

"Ni uzee tu, au baridi ya Julai." Mtu anapanda kutoka mjini kuelekea Upper Hill. Shavu la mguu linakaza, anasimama kama anayesoma simu, baada ya dakika chache linaachia. Akiendelea, linakaza tena karibu umbali ule ule. Tafadhali usiudharau mtindo huo: ni dalili ya ateri iliyobana. Hatua ya kwanza ni kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikatoa chini ya 0.9, kuna tatizo. Ila mwenye kisukari anaweza kuwa na ateri ngumu zinazopandisha namba hiyo kwa uongo, na hapo altrasaundi husaidia sana.

"Siumwi, kwa hiyo mishipa yangu ni safi." Utafiti wa Madrid uitwao PESA (kifupi cha jina lake la Kiingereza, si fedha), uliochapishwa 2015, ulipima watu zaidi ya 4,000 wa miaka 40 hadi 54 wasio na dalili. Asilimia 44 walikuwa na utando kwenye ateri za nyonga na paja, na asilimia 31 kwenye za shingo. Hao ni Wahispania, lakini sigara, presha na kisukari huharibu ateri popote.

"Miale yake inadhuru." Haina miale. Ni sauti.

"Dopla ya mguu ni moja." Hapana. Ipo ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ya kutafuta damu iliyoganda, na ipo ya ateri. Soma fomu ya daktari kabla ya kulipa.

"Wakiona utando watanikata mguu." Hofu hii inaniuma kuliko zote, maana huwafanya watu wakimbie kipimo. Wengi huanza kwa kuacha sigara, dawa za kolesteroli na za kuzuia damu kuganda, na kutembea kwa mpango: tembea hadi maumivu yakubane, pumzika, endelea. Kinachohatarisha mguu ni kuchelewa. Ukiumwa usiku ukiwa umelala, au kidonda cha mguu kikikataa kupona, muone daktari haraka. Mguu ukigeuka ghafla kuwa baridi na kupauka, nenda hospitali saa hiyo hiyo.