Utukufu una kilo ngapi?

Jumapili iliyopita kijana mmoja alipita mbele kutoa ushuhuda. Amenunua bajaji mpya, viti bado vina nailoni. Akasema, "Wapendwa, huu ndio utukufu wa Mungu!" Mshereheshaji akadaka maiki: "Mpigieni Mungu makofi ya utukufu!" Tukapiga. Na mimi nilipiga, maana bajaji si jambo dogo kwa mtu aliyeanza kwa kusukuma toroli la wenzake. Ila mwezi huu peke yake neno hilo nimelisikia likisemwa juu ya bajaji, harusi, spika mpya na kwaya iliyokumbuka sare. Naona tulizungumze.

Maana yenyewe haina maneno mengi: utukufu wa Mungu ni ukuu wake mwenyewe unapodhihirika. Basi. Wapo wanaouchanganya na utakatifu kwa sababu maneno yanafanana mdomoni, lakini utakatifu umetoka kwenye kutakata, na utukufu kwenye kutukuka. Isaya anayaweka yote mawili kwenye mstari mmoja, sura ya 6: "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu, ni BWANA wa majeshi, dunia yote imejaa utukufu wake." Angekuwa anasema kitu kimoja, asingehitaji maneno mawili.

Sasa tuje kwenye neno la Kiebrania, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Ni *kavod*, na mzizi wake ni uzito. Uzito huuhuu wa kwenye mizani. Mikono ya Musa ilipochoka vitani na kuwa mizito, ni mzizi huo. Moyo wa Farao ulipokuwa mgumu, mara kadhaa Kiebrania kinasema ulikuwa mzito. Hata ini linaitwa kwa mzizi huo. Na amri ya kuwaheshimu baba na mama, ukiifuata hadi chini, inakuambia uwape uzito. Sisi Waswahili hatuna haja ya kushangaa, kwani mwenye cheo si tunamwita mzito?

Anayetaka kuona mwandishi wa Biblia akilichezea neno hili asome habari za kuhani Eli katika 1 Samweli. Eli anakaripiwa kwamba amewaheshimu wanawe kuliko Mungu, yaani uzito ameupeleka kusiko, huku wakijinenepesha kwa matoleo ya watu. Baadaye, akiwa na miaka 98, anasikia kwamba sanduku la Mungu limetekwa. Anaanguka kutoka kitini, shingo inavunjika, kwa kuwa alikuwa mzee tena mzito. Mkwewe anajifungua siku hiyohiyo na kumwita mtoto Ikabodi: utukufu umeondoka katika Israeli. Mzizi ni uleule. Uzito wa mwili ulibaki pale chini, uzito wenyewe ukawa umeondoka.

Mng'ao na mwanga vilizidi kulizoea neno hili lilipovuka kwenda Kigiriki. Wayahudi wa Aleksandria walipotafsiri Maandiko, kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, walichukua *doxa*, neno ambalo sokoni kwa Wagiriki lilimaanisha dhana au sifa ya mtu, jinsi anavyoonekana kwa watu. Mzigo mzito ukapakiwa kwenye mtumbwi mwepesi. Paulo, Myahudi aliyeandika Kigiriki, hakusahau mizani: katika 2 Wakorintho 4:17 anasema dhiki yetu ni nyepesi, na kinachotungoja anakiita, kwa maneno yake, *uzito* wa *doxa*.

Nenda sokoni Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi uone tofauti hiyo kwa macho. Gunia la dagaa makavu limetuna, linajaza njia. Pembeni kuna dumu la mawese la lita 20, halina umbo lolote la kutisha. Mpe mgeni achague la kubeba: atakimbilia dumu, na kabla ya kufika barabarani mkono umeshamwambia ukweli. Kinachotuna na kinachoelemea si kitu kimoja, na ninapotazama mashine za moshi mimbarani siku hizi, mawazo yangu hurudi kwenye lile gunia.

Utaniambia Zaburi ya 29 inaamuru: "Mpeni BWANA utukufu na nguvu." Ndiyo, na mstari unaofuata unasema utukufu *wa jina lake*. Ni wake tayari. Msoma mizani anapoita "thelathini!" hajaongeza hata dagaa mmoja, amesema kilichopo. Kumtukuza Mungu ni kazi hiyo. Sifa ni zetu, tunazitoa; utukufu ni wake, hata kanisa zima likinyamaza.

Halafu kuna "shekina", ambayo wahubiri huitamka kana kwamba ni aina ya radi. Biblia haina neno hilo. Ni la marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, na linatokana na kukaa, kufanya makazi. Ni ndugu wa *maskani* yetu tuliyoipata kwa Waarabu. Kwa hiyo ukisikia "shekina imeshuka", aliyesema amesema Mungu amekuja kukaa. Yohana anasema hivyohivyo bila kelele: Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, nasi tukauona utukufu wake. Na katika Injili hiyo saa ya Mwana wa Adamu kutukuzwa inapofika, Yesu anaanza kuzungumzia chembe ya ngano inayoanguka ardhini na kufa.

Musa naye aliomba, "Nakusihi unionyeshe utukufu wako." Jibu lilikuwa: "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako." Wema. Hakuahidiwa fataki.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa bajaji, hongera sana, na usidhani nimekuonea wivu. Wema wa Mungu unaweza kupita hata kwenye bajaji, sikatai. Ila neno ulilokuwa unalitafuta pale mbele, nadhani, lilikuwa shukrani. Ukiniona pale mtaani Mwanga na mzigo wangu, simama. Tutalimalizia njiani, na nauli nitalipa.